Ibara Isiyotaja Mwenyewe

Tarehe 29 Mei 1933, katika mji wa Jeddah, Sheikh Abdullah al-Suleiman, Waziri wa Fedha wa Mfalme Abdulaziz ibn Saud, na Lloyd Hamilton, mwanasheria wa kampuni ya Standard Oil ya California, walitia saini zao chini ya mkataba uliokuja kubadili hali ya Bara Arabu yote. Malipo ya awali yalikuwa pauni 35,000 za dhahabu, zikaletwa kwa meli mpaka Jeddah na kuhesabiwa moja baada ya moja. Na kwa sarafu hizo Serikali iliyokuwa katika dhiki kubwa ya fedha, kwa kuwa mahujaji walikuwa wamepungua mno katika miaka ile ya kuanguka kwa biashara duniani, ilitoa haki ya kutafuta mafuta ambayo wakati ule hapakuwa na mtu mwenye yakini kwamba yamo ardhini. Yalipatikana kwa wingi mwaka 1938, huko Dammam, na habari za utajiri uliofuata zimekwisha simuliwa na wengi. Mimi nataka kumwonyesha msomaji kitu kingine kilichokuwamo ndani ya mkataba ule tangu siku yake ya kwanza, nacho ni fungu dogo la maneno ya Kiingereza ambalo halikusema bayana linafafanua nini.

Kifungu cha kwanza cha mkataba kilieleza kwamba Serikali inaipa Kampuni, "with respect to the area defined below", yaani kwa habari ya eneo lililoelezwa chini yake, haki ya pekee kwa muda wa miaka sitini ya kutafuta mafuta, kuyachimba, kuyatoa, kuyasafisha, kuyasafirisha, kuyachukua na kuyapeleka nchi za nje. Vitenzi vilifuatana katika safu ndefu, na mbele ya safu hiyo yote likasimama lile fungu la eneo. Msomaji mtulivu atauliza: eneo hili ni sharti la nini? Je, linabainisha tu ardhi ambamo mafuta yatatoka, na yakisha kutoka Kampuni inayo haki yake popote yaendapo? Au ni mpaka uliowekwa juu ya kila kitenzi, hata ikawa haki ya pekee ya kusafirisha inakoma pale nchi inapokoma, ufukweni? Kiingereza cha kifungu kinachukua maana zote mbili bila ya kuvunja kaida hata moja ya sarufi yake. Kwa muda wa miaka ishirini swali hilo halikuulizwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa na haja nalo.

Haja ilikuja tarehe 20 Januari 1954. Mfalme Saud alikuwa amerithi kiti cha baba yake mwezi wa Novemba uliotangulia, na Serikali yake ikafanya mapatano mjini Jeddah na Aristotle Onassis, tajiri wa meli wa Kigiriki, ili iundwe kampuni ya meli za mafuta, na meli hizo zitangulizwe mbele ya nyingine, kwa muda wa miaka thelathini, katika kuchukua mafuta ya nchi kwenda ng'ambo. Kampuni ya mwaka 1933, ambayo kwa wakati huo ilikwisha kuitwa Aramco, ilikataa. Ikasema kwamba haki ya pekee ya kusafirisha na ya kupeleka nchi za nje ni yake, na kwamba haki iliyo ya pekee haigawiwi mtu wa pili. Serikali ikajibu kwamba haki ile haivuki mipaka ya eneo, na kwamba safari ya baharini ni jambo jingine, na mwenye nchi ndiye aliamuaye. Mwezi wa Februari 1955 pande mbili zilikubaliana kupeleka shauri kwa waamuzi, wakaketi Geneva chini ya uongozi wa Georges Sauser-Hall wa Uswisi, na tarehe 23 Agosti 1958 wakatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria duniani wanaisoma hata leo.

Hukumu iliipa ushindi Kampuni. Waamuzi walishika maana ya maneno kama yalivyozoeleka, wakasema kwamba kusafirisha na kupeleka nje kunaingiza bahari ndani yake. Kwangu mimi hoja iliyo na nguvu kuliko zote imo ndani ya kitenzi cha mwisho chenyewe: kupeleka nje ni kuvuka mpaka, na sharti la kutovuka mpaka likiwekwa juu ya kitendo cha kuvuka mpaka, kitendo kinabatilika na neno linakuwa limeandikwa bure. Kwa hiyo fungu la eneo lapasa kurejea kwa asili ya mafuta, si kwa kila jambo litakalotendwa juu yake. Walakini yapasa tuseme kwa insafu kwamba Serikali haikuwa ikicheza na maneno. Ibara iliruhusu dai lake, na lau mwandishi wa mwaka 1933 angaliongeza maneno mawili matatu mahali panapostahiki, sehemu kubwa ya shauri lile isingalizuka. Uchungu wa hukumu haukuisha upesi. Mwaka 1963 Baraza la Mawaziri la Saudia lilitoa azimio namba 58, likazikataza idara za Serikali kupeleka mashauri yao kwa waamuzi pasipo idhini, na wengi waandikao habari za sheria za nchi hiyo hulihesabu azimio hilo kuwa ni zao la yale yaliyotokea Geneva.

Asili ya shida hii imo katika umbile la Kiingereza. Katika karne nyingi za maisha yake lugha hiyo imepoteza takriban alama zote za mwisho wa maneno ambazo zamani zilionyesha neno gani linafuatana na lipi. Kilichobaki ni mahali. Kazi ya neno hujulikana kwa pale lilipokaa, na fungu la kufafanua aghalabu huhesabiwa kuwa mali ya neno lililo jirani nalo. Lakini ujirani si amri. Mtu akiandika "the keys of the cars that were lost", msomaji hajui kama zilizopotea ni funguo au magari, kwa sababu maneno matatu ya mwisho yanalingana na huku na huku. Mswahili hakwami hapo, maana akisema funguo za magari zilizopotea amekusudia funguo, na akisema yaliyopotea amekusudia magari. Kiambishi cha ngeli kimegongwa juu ya kitenzi mfano wa chapa ya mwenye ng'ombe, na atakayemkuta mnyama njiani atajua ni wa zizi gani.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Ngeli hutusaidia pale tu majina yanapokuwa ya ngeli mbalimbali au ya idadi mbalimbali. Yakilingana, nasi hatuna la kutuongoza. Tukisema dereva wa meneja anayekaa Riyadh, nani akaaye Riyadh? Tukisema mwalimu wa mtoto mgonjwa, nani wa kuombewa afya? Nacho Kiarabu, ambacho kwa irabu za mwisho wa maneno kinaweza kutenga kitabu kipya cha mwalimu na kitabu cha mwalimu mpya, hakiziandiki irabu hizo katika magazeti wala katika barua za ofisi wala katika mikataba, hata ikawa alama imo katika elimu ya msomaji, haimo katika karatasi.

Watu walioshughulika na jambo hili mapema, na kwa undani ambao sijaona ukipitwa mahali pengine, ni wanavyuoni wa usuli wa fikihi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu. Wao hawakuwa wakitafuta burudani ya nahau. Walikuwa na hukumu mbele yao ambayo heshima ya watu ilitegemea maana yake. Katika Sura ya An-Nur, aya ya nne yataja mambo matatu juu ya mtu awasingiziaye wanawake wenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne: atapigwa mijeledi themanini, ushahidi wake hautakubaliwa, naye atakuwa katika mafasiki, na aya ya tano inaleta istithnaa, yaani maneno ya kutoa, ikiwatoa wale waliotubu. Je, istithnaa hii inarejea wapi? Kwa lile la mwisho peke yake, yaani jina la ufasiki, au kwa yote yaliyotangulia?

Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alishika kwamba inarejea kwa la mwisho tu. Aliyetubu ameondokewa na ufasiki, lakini ushahidi wake hautapokewa kamwe. Imam Shafi, aliyezaliwa katika mwaka ule ule aliofariki Abu Hanifa, na ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo watu wa pwani tangu Lamu hata Kilwa, alishika kwamba istithnaa ikija baada ya sentensi zilizounganishwa inarejea kwa zote, isipokuwa pale ambapo dalili nyingine imezuia. Kwa hiyo ushahidi wa aliyetubu hupokewa, na mijeledi haiondoki kwa kuwa ni haki ya mja aliyevunjiwa heshima. Imam Malik na Imam Ahmad bin Hanbal wako upande huo huo, na hili ni jambo la kukumbukwa, maana madhehebu ya Ahmad ndiyo yanayotegemewa katika mahakama za Riyadh na Jeddah.

Lakini iko rai ya tatu, isiyotajwa sana nje ya vyuo, nayo ni ya al-Baqillani na ya al-Ghazali. Wao walisema kwamba muundo wa maneno peke yake hautoshi kuhukumu. Lugha ya Waarabu imetumia istithnaa kwa namna zote mbili, basi msomaji na asimame mpaka ipatikane karina, yaani dalili iliyo nje ya sentensi au kandokando yake, itakayomwonyesha muradi wa msemaji. Nimeifikiri sana rai hii, na naona kwamba katika mikataba ya watu ni bora kuliko kaida nyingine zote. Mwanachuoni aliye mbele ya aya hawezi kurudi kwa aliyeiteremsha amwulize, na kwa sababu hiyo kaida ya kutolea hukumu ni lazima kwake. Bali mtu aliye mbele ya karatasi ambayo bado haijatiwa saini anaye wa kumwuliza, na kukimbilia kaida hali mwandishi yu hai na yu mbele yako ni kujitwika hatari pasipo haja.

Kwamba kaida hazitoshi, Marekani imetoa ushahidi wa ajabu katika zama zetu hizi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Lockhart, ilikuwa na sheria inayotaja aina tatu za makosa ya kudhulumu watu miili yao, na mwishoni mwa orodha fungu la kufafanua linalohusu watoto na walio chini ya ulinzi. Mshitakiwa akadai kwamba fungu hilo linafunika makosa yote matatu, naye kosa lake la zamani halikumhusu mtoto. Majaji sita dhidi ya wawili walisema kwamba fungu ni la kosa la mwisho tu, nayo ni njia ya Abu Hanifa. Mwaka 2021, katika shauri la Duguid na kampuni ya Facebook, mahakama ile ile ilikuwa na sheria ya mwaka 1991 juu ya mashine za kupiga simu, yenye vitenzi viwili, kuhifadhi na kutoa namba, na fungu moja mwishoni. Safari hii majaji wakasema kwamba fungu linarejea kwa vitenzi vyote viwili, nayo ni njia ya Shafi. Na hukumu zote mbili ziliandikwa na kalamu moja, ya Jaji Sonia Sotomayor. Sisemi kwamba alijipinga. Katika kila shauri alikuwa na karina zake, na katika lile la pili ilihesabiwa hata alama ya mkato iliyotangulia fungu. Nasema kwamba kaida zilikuwa mbili, na kilichochagua baina yao kilitoka nje ya kaida.

Kuhusu alama ya mkato, wako watu waitumainio kana kwamba ni ukuta. Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya wavuna mpira chini ya Mfalme Leopold, alishitakiwa mwaka 1916 kwa uhaini, kwa kuwa alitaka msaada wa Wajerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Sheria iliyomshika ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha siku zile, na hoja ya mawakili wake ilikuwa kwamba maneno ya mwisho yasemayo "au mahali pengine" hayarejei kwenye kuambatana na adui, ila kwenye kumpa adui msaada tu; naye aliyotenda aliyatenda Ujerumani, si katika nchi ya mfalme. Alama za uandishi zilitazamwa katika hati za kale, na mahakama ikakataa hoja. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Na katika vita hivyo hivyo, ndivyo Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wa pili wa Bahari ya Sham, palikuwa na barua. Sharif Hussein bin Ali, Amiri wa Makka, ambaye Jeddah ilikuwa ndiyo bandari yake, alikuwa akiandikiana na Sir Henry McMahon, mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo, juu ya uhuru wa Waarabu ikiwa watawainukia Waturuki. Katika barua ya tarehe 24 Oktoba 1915 McMahon alizitoa baadhi ya sehemu za Sham zilizo magharibi ya Dameski, Homs, Hama na Aleppo, kisha akatoa ahadi juu ya nchi zilizobaki kwa maneno ya Kiingereza ambayo, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo, sina budi kuyaweka kama yalivyo: "those regions lying within those frontiers wherein Great Britain is free to act without detriment to the interests of her Ally, France".

Na tuitazame ibara hii kwa uangalifu, kwa maana wengi wameipita mbio wakielekea kwenye mabishano ya mipaka. Maneno yaanziayo "wherein" yasema kwamba humo Uingereza ina uhuru wa kutenda pasipo kudhuru maslahi ya Ufaransa, mshirika wake. Humo ni wapi? Yaweza kuwa ni katika zile nchi, na tena yaweza kuwa ni ndani ya ile mipaka iliyotajwa mwisho. Tena, likisha kupatikana neno linalofafanuliwa, swali la pili linasimama: je, maneno haya yanakata au yanaeleza? Yakiwa yanakata, ahadi ni ya zile nchi tu ambamo Uingereza ina uhuru, na nyingine ambamo Ufaransa ina maslahi zimekwisha kutoka, bila ya kutajwa hata moja kwa jina. Yakiwa yanaeleza, ahadi ni ya nchi zote zilizomo mipakani, na maneno ya mwisho ni habari tu kwamba huko Uingereza haina kizuizi. Wako wanahistoria wasemao kwamba katika tafsiri ya Kiarabu iliyomfikia Sharif nguvu ya kukata ilipotea. Yaani aliyeandika aliona ameacha mlango wa kutokea, na aliyesoma hakuuona.

Uasi wa Waarabu ulianza mwezi wa Juni 1916, na Jeddah ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Sharif katika mwezi huo huo. Barua zilibaki. Mwaka 1939, Palestina ikiwa imekwisha waka moto, kamati ya Waingereza na Waarabu iliketi London kuzisoma upya, na moja ya mambo waliyobishania ni lile sharti la Ufaransa. Waingereza walisema linaitoa Palestina, Waarabu wakakataa, na kamati ikavunja kikao pasipo kuafikiana juu ya maana. Sharif Hussein mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka minane kabla. Alivua ufalme mwaka 1924, jeshi la ibn Saud likiwa linaikabili nchi yake, akaondoka kwa njia ya bandari ya Jeddah, hali anaamini hata mwisho kwamba ameahidiwa jambo ambalo wenzake walisema hawakuliahidi. Siwezi kusema kwamba fungu moja la maneno ndilo lililoleta msiba wa Palestina. Madola yalikuwa na tamaa zao, na tamaa haingoji sarufi. Lakini ibara isiyobainika iliipa tamaa mahali pa kujificha, na aliyeumia ni yule aliyeipokea ahadi iliyotungwa kwa lugha isiyokuwa yake.

Katika nyakati zile, Kiingereza kilipotofautiana na Kiarabu, Kiingereza ndicho kilichopewa neno la mwisho. Mkataba wa Jeddah wa tarehe 20 Mei 1927, ambao kwao Uingereza ilikubali uhuru kamili wa nchi za ibn Saud, ulisema hivyo waziwazi. Mkataba wa mafuta wa mwaka 1933 ulisema kwamba matini zote mbili zina nguvu sawa, lakini zikitofautiana juu ya wajibu wa Kampuni, ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Leo mambo yamegeuka. Sheria ya Kazi ya Saudia, iliyotolewa kwa amri ya kifalme namba M/51 ya mwaka 1426 wa Hijra, sawa na mwaka 2005, inaamuru katika kifungu cha 9 kwamba mikataba ya kazi na kumbukumbu zake ziandikwe kwa Kiarabu, na mwajiri akitumia lugha ya kigeni pamoja nacho, matini ya Kiarabu ndiyo itakayotegemewa.

Jambo hili lawagusa watu wetu moja kwa moja. Wakenya, Watanzania na Waganda walioko Riyadh na Jeddah kwa kazi ya ulinzi, udereva, hoteli, hospitali na majumba hupewa karatasi yenye safu mbili, Kiarabu kuume na Kiingereza kushoto. Nao husoma ya kushoto, kwa kuwa Kiingereza ndicho walichofundishwa shuleni, ilhali Kiarabu cha wengi wao ni kile cha chuoni, cha kusomea Kurani na kuswalia. Basi wana mambo mawili ya kuhofia kwa pamoja: safu wanayoielewa siyo inayohukumu, na hiyo wanayoielewa nayo ina mafungu yasiyotaja wenyewe.

Chukua sentensi moja ya namna hiyo, niliyoitunga kwa ajili ya mfano huu: "The employee is entitled to leave and an air ticket after two years." Mfanyakazi husoma akaelewa kwamba likizo ni ya kila mwaka, na tikiti ya ndege ndiyo itakayongoja miaka miwili. Mwajiri husoma akaelewa kwamba vyote viwili vitangoja. Hapana aliyesema uongo. Maneno matatu ya mwisho yanafaa kwa tikiti peke yake, na yanafaa kwa tikiti na likizo. Au sentensi isemayo kwamba "Muslim drivers and guards" watafanya kazi saa sita kwa siku katika mwezi wa Ramadhani: mlinzi asiye Mwislamu anahusika au hahusiki? Sheria yenyewe, katika kifungu cha 98, imeweka saa sita kwa siku au 36 kwa juma kwa Waislamu, kwa hiyo hapo karina iko karibu na mtu ataipata akiitafuta. Katika sentensi ya likizo pia iko karina, maana kifungu cha 109 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, na 30 akitimiza miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Lakini sheria hiyo haiwahusu watumishi wa nyumbani, ambao kifungu cha 7 kimewatenga na wana kanuni zao mbali. Na katika watu wetu hao si wachache. Mtumishi wa nyumbani akidhani kwamba siku 21 zitamfafanulia mkataba wake, ameshika karina isiyokuwa yake.

Dawa ni nyepesi kuandika, na mwajiri mwenye nia njema haimgharimu kitu. Fungu la kufafanua lisiachwe mwishoni likingoja kugawiwa. Lirudiwe kwa kila jambo linalohusika, au kila jambo lipewe mstari wake. Likizo ya siku kadha baada ya kila miezi kumi na miwili. Tikiti ya kwenda na kurudi baada ya kila miezi ishirini na minne. Mwandishi mwenye kupenda ufasaha atachukia marudio haya, nami namwelewa, kwa kuwa katika hadithi na mashairi marudio ya namna hiyo huchosha. Lakini katika mkataba marudio ndiyo ufasaha wenyewe. Na swali la kuulizwa liulizwe Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, mbele ya wakala, na mtu ajuaye Kiarabu akiwa amekaa pale na ile safu ya kuume mkononi mwake, naye aulizwe neno moja tu kwa kila sharti: hili linarejea wapi?

Asidhani mtu kwamba kwa kuhamia Kiarabu tumetoka katika tatizo. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo hiyo, katika Kiarabu chake kinachotegemewa, kina sentensi mbili zilizounganishwa kwa wau, yaani "na": ya kwanza inabatilisha kila sharti linalopingana na sheria, na ya pili inabatilisha kila msamaha au suluhu juu ya haki za mfanyakazi wakati mkataba wake ungali na nguvu, kisha mwishoni yanakuja maneno ya kutoa, kwamba isipokuwa jambo hilo likiwa na faida zaidi kwa mfanyakazi. Ni lile lile swali la aya ya tano ya Sura ya An-Nur. Akisoma mtu kwa njia ya Abu Hanifa, kinachookolewa ni suluhu yenye faida tu. Akisoma kwa njia ya Shafi na Ahmad, linaokolewa pia sharti la mkataba linalotofautiana na sheria kwa kumzidishia mfanyakazi haki zake. Hapo naona karina ni nzito upande wa pili, kwa sababu kifungu chote kimewekwa kumlinda mfanyakazi asipunjwe, na haiwi kinga ikamnyang'anya nyongeza aliyopewa kwa ridhaa. Basi mwenye mkataba wa Riyadh unaompa siku 30 tangu mwaka wa kwanza na ashike siku zake 30, wala asikubali kurudishwa kwenye 21.